Tutankhamun: Mfupa wa shingo uliomtia mtu hatiani

KWA zaidi ya miaka 30 ya zama zetu hizi, mzee mmoja wa Misri ya kale aitwaye Ay alibebeshwa tuhuma ya kumuua mfalme wake. Vitabu viliandikwa, filamu zikatengenezwa, na wapelelezi wastaafu wakaitwa kutoa maoni yao kana kwamba kesi iko mbele ya hakimu. Ushahidi uliotegemewa zaidi ulikuwa picha ya eksirei iliyoonesha vipande vya mfupa ndani ya fuvu la mfalme huyo kijana. Watu wakasema, huyu alipigwa kisogoni. Mwaka 2005 ilikuja kubainika kuwa vipande vile havikutokana na pigo alilopata akiwa hai. Vilikuwa vimetoka kwenye pingili ya kwanza ya shingo na kwenye ukingo wa tundu lililo chini ya fuvu, na vilivunjika mwenyewe akiwa ameshakufa.

Mfalme huyo ni Tutankhamun. Jina lake linajulikana dunia nzima kwa sababu ya dhahabu iliyokutwa kaburini mwake. Lakini, ndugu msomaji, maisha yake na yale yaliyompata baada ya kufa yana mazingatio makubwa kuliko dhahabu. Yanatufundisha namna mfupa unavyoweza kusomwa vibaya, na namna mtu anavyoweza kutiwa hatiani kwa picha ambayo haijaeleweka.

Kabla ya kuendelea, tuondoe swali ambalo huenda limeshawajia wengi. Firauni ni cheo, si jina la mtu mmoja. Wafalme wa Misri walioitwa hivyo walikuwa wengi na walitawala kwa karne nyingi. Qur'an haikumtaja kwa jina Firauni wa zama za Nabii Musa (AS), na hakuna sababu ya kumchukua huyu kijana na kumbandika kisa kile.

Mtoto aliyekabidhiwa nchi

Tutankhamun alizaliwa takriban mwaka 1341 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (AS). Jina alilopewa kwanza ni Tutankhaten. Anaaminika kuwa ni mtoto wa mfalme Akhenaten, ambaye alileta mtikisiko mkubwa Misri kwa kuyaacha masanamu mengi ya wahenga wake, hasa Amun, na kulazimisha ibada ya jua lililoitwa Aten. Akhenaten hakuishia hapo. Aliuhamisha mji mkuu na kujenga mji mpya jangwani, mahali panapoitwa leo Tell el-Amarna. Makuhani wa Amun wakapoteza mali na heshima, na nchi ikagawanyika.

Katika hali hiyo ndipo mtoto huyu alipopandishwa kwenye kiti cha ufalme akiwa na umri wa miaka 8 au 9. Mtoto wa umri huo kwetu yuko madrasa au darasa la pili. Ni dhahiri kuwa hakuwa na uwezo wa kuendesha dola. Waliokuwa wakiendesha mambo kwa jina lake ni wakubwa wa baraza, na wawili kati yao ndio wanaotajwa zaidi: Ay, mzee aliyekuwa karibu na familia ya kifalme kwa miaka mingi, na Horemheb, mkuu wa majeshi.

Aliozwa binti wa Akhenaten, aliyekuja kuitwa Ankhesenamun. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, mambo ya Akhenaten yalianza kufutwa. Mji wa jangwani ukaachwa, makuhani wa Amun wakarudishiwa mahekalu yao, na mfalme mwenyewe akabadilishwa jina, kutoka Tutankhaten kuwa Tutankhamun. Kwa hiyo hata jina tunalomwita leo ni alama ya siasa za watu wazima waliomzunguka.

Nyumba yake haikubahatika kupata mtoto aliyeishi. Kaburini mwake yalikutwa majeneza madogo mawili yenye maiti za vichanga wa kike ambao hawakufikia kuishi, na vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2010 viliashiria kuwa walikuwa wanawe. Vipimo hivyo pia vilionesha kuwa wazazi wa Tutankhamun walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, jambo lililokuwa likifanyika katika familia za kifalme za Misri. Ndoa za namna hiyo huongeza uwezekano wa watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile, na yeye mwenyewe alikuwa na mpasuko kiasi katika kaakaa na kasoro katika mguu wa kushoto. Fimbo takriban 130 zilikutwa kaburini mwake. Baadhi ya wataalamu wanaona kuwa zilikuwa za kutembelea, si za mapambo tu.

Kifo cha ghafla na tuhuma za kale

Alifariki akiwa na umri wa takriban miaka 19, baada ya kutawala kama miaka 10. Hakuna maandishi ya zama zake yanayoeleza alikufaje. Alizikwa katika kaburi dogo lisilolingana na hadhi ya mfalme, jambo linaloonesha kuwa kifo hakikutarajiwa. Aliyeshika ufalme baada yake ni yule mzee Ay, na katika ukuta wa kaburi amechorwa Ay mwenyewe akiongoza taratibu za maziko. Baada ya Ay, ambaye alitawala miaka michache tu, akaja Horemheb. Huyu ndiye aliyefuta majina ya waliomtangulia, likiwamo la Tutankhamun, hata kijana huyo akasahaulika kwa zaidi ya miaka 3,000.

Upo pia waraka uliohifadhiwa katika kumbukumbu za Wahiti, dola iliyokuwa katika ardhi ya Uturuki ya leo. Waraka huo unaeleza kuwa malkia mjane wa Misri aliomba kwa mfalme wao, Suppiluliuma, apelekewe mtoto wake wa kiume awe mumewe. Wanahistoria wengi wanaona kuwa mjane huyo ni Ankhesenamun. Mtoto wa mfalme alitumwa, lakini alikufa kabla ya kufunga ndoa hiyo.

Ukiyaweka yote hayo pamoja, kijana aliyekufa ghafla, mzee aliyerithi kiti na mjane aliyetafuta mume nje ya nchi, unapata kisa kinachonukia fitina. Lakini harufu ya fitina si ushahidi wa mauaji. Kilichokuwa kikikosekana ni kitu cha kushika mkononi, na kitu hicho watu walidhani wamekipata katika mwili wa marehemu.

Maiti yakatwa kabla ya kupigwa picha

Tarehe 4 Novemba 1922, wafanyakazi wa Kimisri waliokuwa chini ya Mwingereza Howard Carter walifikia ngazi ya kwanza ya kaburi lake, katika bonde la makaburi ya wafalme karibu na Luxor. Vitu vilivyokutwa ndani vilizidi 5,000. Jeneza la ndani lilikuwa la dhahabu tupu, lenye uzito wa takriban kilo 110.

Tarehe 11 Novemba 1925 ndipo maiti ilipoanza kufunuliwa. Waliopewa kazi hiyo ni Douglas Derry, profesa wa elimu ya viungo vya mwili mjini Cairo, na daktari wa Kimisri Saleh Bey Hamdi. Walikutana na tatizo kubwa. Waliomkausha marehemu walikuwa wamemmiminia mafuta na utomvu mwingi, ambao kwa karne zote hizo uligandama mithili ya lami. Mwili ulinata kwenye jeneza, na kichwa kikanata ndani ya barakoa ya dhahabu. Ili kuvitoa, mwili ulikatwa vipande vipande, na kichwa kikatenganishwa na kiwiliwili. Visu vilivyopashwa moto vilitumika kukibandua kutoka kwenye barakoa. Baada ya hapo vipande vilipangwa upya juu ya mchanga ndani ya sanduku, vionekane kama mwili mmoja, na mwaka 1926 maiti ikarudishwa kaburini.

Katika mafundisho yetu, maiti ana heshima yake, na mfupa wake hauvunjwi kwa kuwa tu hawezi kulia. Lakini tukiacha hilo upande mmoja, hata kwa kipimo cha elimu yenyewe lilitendeka kosa kubwa. Eksirei ilikuwa imeshagunduliwa tangu mwaka 1895, miaka 30 kabla. Maiti hii ilikatwa bila kwanza kupigwa picha hata moja. Kwa hiyo, kila mpasuko uliokuja kuonekana baadaye katika shingo au fuvu ulikuwa na maelezo mengi yanayowezekana, na hapakuwa na picha ya awali ya kulinganishia.

Picha ya 1968 na hukumu ya haraka

Mwaka 1968, Profesa R. G. Harrison wa Chuo Kikuu cha Liverpool aliingia kaburini na mashine ya eksirei ya kubebeka. Picha zilionesha kipande cha mfupa ndani ya fuvu, na eneo la kisogoni lililoonekana tofauti kidogo. Harrison alidokeza kuwa huenda, pamoja na maelezo mengine, eneo lile lilitokana na kuvuja damu baada ya pigo. Lilikuwa ni dokezo tu la mtaalamu. Lakini dokezo likitoka mdomoni mwa mtaalamu na kuingia mitaani hugeuka kuwa hukumu.

Mwaka 1998, mtaalamu wa Kimarekani wa mambo ya Misri ya kale, Bob Brier, alichapisha kitabu kilichojenga hoja ya mauaji na kumnyooshea Ay kidole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakajitokeza wapelelezi wa Kimarekani waliofikia hukumu hiyo hiyo, na hoja mpya ikaongezwa, nayo ni hoja ya shingo. Ilidaiwa kuwa picha za shingo ya mfalme zinaonesha pingili zilizoungana tangu kuzaliwa, hali inayojulikana kitaalamu kwa majina ya madaktari wawili wa Kifaransa, Maurice Klippel na André Feil, walioieleza mwaka 1912. Mtu mwenye shingo ngumu namna hiyo, walisema, hata kusukumwa tu kunaweza kumuua.

Je, madai hayo yana uzito gani? Ili tupime, inatubidi tujue kwanza shingo imeumbwaje.

Shingo inavyoumbwa

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Mbili za juu hazifanani na nyingine zote. Ya kwanza ni kama pete, haina kiwiliwili cha mfupa katikati, na fuvu zima limekaa juu yake. Wataalamu huiita atlasi. Ya pili, iitwayo aksisi, ina mfupa uliochomoza juu kama jino, ukaingia ndani ya ile pete. Kichwa kinapogeuka kulia na kushoto, kama tunapotoa salamu mwisho wa swala, sehemu kubwa ya mgeuko huo hufanyika hapo, pete ikizunguka kwenye jino. Nyuma ya jino unapita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo kwenda mwili mzima. Pakiharibika hapo, mtu anaweza kupooza mikono na miguu, na hata pumzi ikakatika.

Pingili hizi hazianzi zikiwa kitu kimoja. Mipangilio yake huanza tumboni mwa mama katika wiki za mwanzo za mimba, pale safu ya mgongo inapogawanyika vipande. Mgawanyiko usipokamilika, pingili mbili au zaidi hubaki zimeungana. Hiyo ndiyo hali ya Klippel na Feil. Mwenye nayo anaweza kuwa na shingo fupi, nywele za kisogoni zilizoshuka chini na shingo isiyogeuka vizuri, ingawa wengi hawana dalili zote tatu. Baadhi yao huwa pia na matatizo ya figo, ya moyo au ya kusikia, ndiyo maana daktari makini akiiona shingo ya namna hiyo huagiza na viungo vingine vikaguliwe.

Atlasi nayo huanza kama vipande ambavyo huja kuungana utotoni. Upande wa nyuma wa pete kwa kawaida hufunga mtoto akiwa na miaka michache tu. Kwa baadhi ya watu haufungi kabisa. Wanaishi maisha yao yote na ufa katika pete hiyo, na wengi hawajui kwa sababu hauwaumi. Uchunguzi wa maiti umeonesha kuwa takriban watu 4 kati ya 100 wana ufa huo wa nyuma. Wa mbele ni nadra zaidi. Wapo wengine ambao atlasi yao imegandana na fuvu, na wapo ambao lile jino la pingili ya pili halikuungana na mwili wake, likabaki kama kijifupa kinachoelea. Kuhusu kijifupa hicho, wataalamu hadi leo wanabishana. Wengine husema ni kasoro ya kuzaliwa, wengine husema ni matokeo ya jeraha la utotoni lililosahaulika.

Sasa fikiria mgonjwa aliyepata ajali ya gari analetwa hospitali, anapigwa picha, na unaonekana mwanya katika pingili ya kwanza. Je, amevunjika au alizaliwa hivyo? Mtaalamu wa mionzi hatazami mwanya tu, anatazama kingo zake. Ufa wa kuzaliwa una kingo laini, zimefunikwa na ganda gumu la mfupa kama ilivyo sehemu nyingine. Mfupa uliovunjika karibuni una kingo kali zisizo na ganda hilo, na nyama za pembeni huvimba. Kwa watoto jambo ni gumu zaidi, kwani sehemu ambazo mifupa yao bado inakua huonekana kama mistari ya kuvunjika ilhali ni maumbile.

Picha ya kawaida ya eksirei hulaza kila kitu katika bapa moja, mfupa juu ya mfupa, na eneo la juu ya shingo hufichwa na taya, meno na fuvu. Ndiyo maana hupigwa pia picha ya mgonjwa akiwa amefungua mdomo, ili jino lile na pete yake vionekane. Mashine ya CT-skani hukata picha katika vipande vyembamba na kuonesha mfupa kutoka kila upande. MRI huonesha ugwe wa fahamu wenyewe na kama umebanwa. Kila kipimo kina swali lake kinachoweza kulijibu.

Ukweli wa mwaka 2005

Mwaka 2003, jarida la Kimarekani la madaktari wa mionzi ya ubongo na mishipa ya fahamu lilichapisha uhakiki wa zile picha za fuvu na shingo za mwaka 1968. Mmoja wa waandishi wake alikuwa katika timu ya Liverpool iliyozipiga. Matokeo yao yalikuwa wazi. Picha zile hazithibitishi kuwa mfalme alikufa kwa kujeruhiwa wala kwa kuuawa.

Kisha tarehe 5 Januari 2005, timu ya Wamisri chini ya Zahi Hawass iliitoa maiti kaburini na kuiingiza katika mashine ya CT-skani iliyowekwa ndani ya gari. Picha takriban 1,700 zilipatikana kwa muda mfupi. Zilisomwa na madaktari wa mionzi wa Misri, kisha wakaalikwa wataalamu kutoka Italia na Uswisi kuzikagua.

Waliona vipande viwili vya mfupa ndani ya fuvu, na vilikuwa havijashikwa na kitu. Hapa ndipo palipokuwa na jibu. Wakaushaji maiti walikuwa wamemimina utomvu ndani ya fuvu, nao ukagandama. Kama vipande vile vingetokana na pigo alilopata akiwa hai, vingekuwemo ndani kabla ya utomvu, na vingenaswa humo. Timu ikavilinganisha na sehemu zilizopungua katika mwili, na ikaona kuwa vinatokana na pingili ya kwanza ya shingo iliyovunjika na ukingo wa tundu la chini ya fuvu. Waliovivunja ni ama wakaushaji katika kazi yao, ama watu wa mwaka 1925 walipokuwa wakihangaika na kichwa kilichonata kwenye barakoa. Timu nzima ilikubaliana kuwa hapakuwa na dalili ya mfalme kupigwa kisogoni.

Na ile hoja ya shingo iliyoungana? Shingo ile ilikuwa imekwishapita katika utomvu unaonata kama gundi, ikatenganishwa na kiwiliwili, ikapangwa upya kwa mikono. Kuisoma katika picha ya bapa na kusema imeungana tangu tumboni ni kujenga ghorofa juu ya mchanga. Walioichunguza maiti mwaka 2005 hawakusema kuwa aliuawa na shingo yake. Waliona badala yake kuwa mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umevunjika karibu na goti. Baadhi yao walisema huenda alivunjika siku chache kabla ya kufa na jeraha likaingia uchafu, wengine wakasema hata hilo lilifanywa na watu wa Carter.

Mwaka 2010 vipimo vya vinasaba vikaonesha vimelea vya malaria kali mwilini mwake, na picha zikaonesha mifupa ya mguu wa kushoto iliyokosa damu na kuoza. Watafiti wa Hamburg, Ujerumani, wakajibu mwaka huo huo kuwa mifupa ya namna hiyo inaweza pia kuashiria ugonjwa wa selimundu, ambao sisi wa ukanda wa malaria tunaujua vyema. Mjadala bado upo. Lakini angalieni tofauti. Huu ni mjadala wa watu wanaosema huenda, na wanaotaja sababu. Ule wa zamani ulikuwa wa watu waliokwishamtaja muuaji.

Haina maana kuwa Ay ametakaswa. Huenda alikuwa mtu mwema, huenda alikuwa mla njama, hilo lina Mjuzi wake. Tunachosema ni kuwa mfupa ule hauwezi kutumika tena kama shahidi dhidi yake.

Mazingatio kwetu sisi

Mtu anaweza kuuliza, haya ya Firauni wa miaka 3,300 iliyopita yanatuhusu nini sisi wa mjini tunaohangaika na nauli za daladala? Yanatuhusu kwa sababu makosa yale yale yanafanyika majumbani mwetu.

Kwanza, mfupa uliovunjika hausemi ulivunjika lini. Lazima aulizwe swali hilo kabla ya mengine yote: ni tumboni, ni maishani, au ni baada ya kufa? Yapo mashauri ya watu kupigana, ya ajali, na ya watoto wanaodhaniwa kupigwa na walezi wao, ambayo hutegemea picha. Picha ikisomwa na asiyejua maumbile, ufa wa kuzaliwa unaweza kumpeleka mtu jela. Vile vile jeraha la kweli linaweza kupuuzwa kwa kudhaniwa ni maumbile, na mtoto akarudishwa mikononi mwa anayemuumiza. Pande zote mbili ni dhulma. Tumeamrishwa kubainisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na picha ya hospitali nayo ni habari.

Pili, mtoto anapozaliwa na shingo fupi, au kichwa kilichoegemea upande mmoja, mitaani kwetu huanza minong'ono. Mama ataambiwa alimdhihaki mlemavu wakati wa ujauzito, au kuna jirani mwenye jicho baya, au mkunga alimvuta mtoto. Wake wameachwa na majirani wamechukiana kwa maneno kama haya. Mara nyingi kilichotokea ni pingili ambazo hazikugawanyika katika wiki za mwanzo, kabla hata mama hajajijua kuwa ana mimba. Tuhuma kwa jirani ni sawa na tuhuma kwa Ay: kuna tukio la kusikitisha, kuna mtu asiyependwa, na watu wanaunganisha viwili hivyo bila ushahidi.

Tatu, na hili ni la kuokoa maisha, shingo isichezewe. Upo mtindo wa kukandwa na kunyongwa shingo hadi ilie, kwenye saluni za kinyozi na kwa wakandaji wa mitaani. Kwa mtu mwenye pingili za juu zilizo imara huenda asidhurike. Lakini kwa mwenye jino lisiloungana, au pete iliyolegea, mgeuko wa nguvu unaweza kubana ugwe wa fahamu. Watoto wenye ugonjwa wa Down wanahitaji uangalizi zaidi, kwani kati ya 10 na 20 katika kila 100 wao wana ulegevu katika kiungo hicho, ingawa wachache tu huonesha dalili. Mtoto wa namna hii akianza kuyumba katika mwendo aliokuwa ameuzoea, au mikono ikakosa nguvu, au akaanza kujikojolea wakati alishaacha, au akalalamika shingo, apelekwe hospitali na shingo yake itazamwe. Na mzazi amweleze daktari hali ya mtoto kabla ya upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, kwa sababu kichwa hugeuzwa na kuinuliwa wakati wa kumpitishia mpira wa hewa.

Nne, walioikata maiti ya Tutankhamun kabla ya kuipiga picha walikuwa wasomi wa hali ya juu. Elimu haikuwazuia kuwa na haraka. Haraka yao iliharibu ushahidi, na ushahidi ulioharibika ukazaa tuhuma iliyoishi zaidi ya miongo mitatu. Anayekata kwanza na kutazama baadaye, awe daktari, hakimu au jirani, anaacha nyuma yake mifupa ambayo wengine wataisoma vibaya.

Tangu mwaka 2007 maiti ya kijana huyo imewekwa ndani ya kasha la kioo, humo humo kaburini mwake karibu na Luxor, isiharibiwe tena na joto na pumzi za watalii. Dhahabu yake imekwenda kwenye majumba ya makumbusho. Yeye alipewa ufalme akiwa mtoto, akabadilishwa jina na wakubwa, akafa kijana, akafutwa katika kumbukumbu, akakatwa vipande, kisha kifo chake kikageuzwa kuwa hadithi ya kuuza vitabu. Kwa karibu miaka 80 baada ya kufunuliwa kwake, hakuna aliyejua kwa hakika kilichokuwa ndani ya fuvu lake. Alipopatikana wa kumtazama taratibu, kipande kwa kipande, mfupa wake wa shingo ulieleza kuwa haukuvunjwa na Ay.

Wallahu a'alam.